Pampu Inanguruma, Tangi Halipati Maji: Kisa cha Boti Moja ya Mtwapa

Boti ni ya faiba, futi 28, mashine mbili za nje, na hulala kwenye boya ndani ya mkono wa bahari wa Mtwapa, kaskazini ya Mombasa. Kazi yake ni kupeleka wageni kuvua sulisuli, jodari na nguru nje ya mwamba. Boti nyingi za kazi hii hapa kwetu huburuta chambo bandia au samaki aliyekufa, lakini nahodha wa hii anapenda chambo hai. Alfajiri huvua vibua kwa ndoana ndogo, akawatia kwenye tangi la lita 120 lililojengwa tezi, yaani nyuma ya boti, chini ya benchi, kisha akatoka nao bahari kuu. Tangi lisipopata maji mapya, safari yote imeharibika kabla jua halijapanda.

Lalamiko lake lilikuwa hivi: "Fundi, tukiwa kwenye boya maji yaja vizuri kabisa. Tukishapita mwamba, tukifika pa kuvua, pampu naisikia yalia lakini tangi halipokei hata tone. Vibua wote washageuza matumbo."

Kabla sijaitwa, mengi yalikuwa yamefanywa. Fyuzi ilibadilishwa. Kisha pampu yenyewe: ya kwanza ilikuwa ya galoni 500 kwa saa, ikawekwa ya galoni 800, kwa hesabu kwamba yenye nguvu zaidi italeta maji zaidi. Fyuzi ikapandishwa kutoka ampea 5 hadi 15 ili isisumbue. Kichwa cha kunyunyizia maji kikafunguliwa na kusafishwa chumvi. Boti ikajaribiwa pale pale kwenye boya, maji yakaruka, watu wakapongezana. Asubuhi iliyofuata, nje ya mwamba, hali ikawa ile ile.

Pampu mbili za ukubwa tofauti zinapogoma mahali pamoja na kwa namna moja, zimeshatoa ushahidi wao: ubaya hauko ndani yake. Nasisitiza hili kwa sababu naliona kila msimu. Pampu ndiyo kifaa kinachosikika, kwa hiyo ndiyo inayoshtakiwa kwanza, na dukani ndiyo kitu rahisi kununua. Ile ya galoni 500 bado ilikuwa kwenye boti, imetupwa kwenye sanduku la takataka za chuma. Niliitia kwenye ndoo ya maji ya bahari, nikaigusisha betri, ikarusha maji kama ilivyotoka kiwandani.

Swali lililofaa kuulizwa tangu mwanzo ni lini, si nini. Nilimkalisha nahodha na baharia wake kijana, nikawauliza pampu inakataa saa ngapi ya safari, boti ikiwa na mwendo gani, bahari ikiwaje. Majibu yakaja vipande vipande. Boti ikiwa imetulia, maji yanatoka. Ikienda polepole kupita maboya, yanatoka. Mashine zikifunguliwa na boti ikinyanyuka juu ya maji, mkondo unapungua hadi kukatika. Na hapa ndipo nilipotega sikio: boti ikisimama tena, maji hayarudi. Pampu inaendelea kulia, lakini kwa sauti nyembamba, ya juu, tofauti na ile ya asubuhi.

Kulikuwa na mengine mawili, na yote mawili yalitoka kwa yule kijana, ambaye ndiye anayeshinda pale tezi karibu na tangi. La kwanza alilisema kama jambo la kawaida tu: "Mimi nikiona maji yamekata humwambia nahodha apige rivasi kidogo. Mara nyingi hurudi." La pili: pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini ya sakafu ya boti, ikiwaka, hata boti ikiwa imesimama, maji ya tangi hulegea, na ngama ikizima hupata nguvu tena.

Nahodha alimkatiza, akasema rivasi haihusiani na pampu ya umeme. Nikamwomba amwache amalize, kwa sababu sentensi zile mbili zilikuwa na ugonjwa wote ndani yake. Moja ilikuwa inazungumzia maji, nyingine umeme.

Kwa asiyewahi kuifungua, pampu ya namna hii ni ndogo, imo kwenye ganda la plastiki, na hufungwa moja kwa moja juu ya koki iliyopitishwa kwenye tumbo la boti, chini ya usawa wa maji. Ndani kuna impela, gurudumu dogo lenye mapezi, linalozunguka kwa kasi na kuyarusha maji pembeni. Haifyonzi. Hiyo ndiyo tofauti yake na pampu ya kupoozea mashine, ambayo impela yake ya mpira hubana ukuta na kuvuta maji kutoka chini. Impela ya pampu ya tangi haigusi ukuta. Ikikuta maji inayarusha, ikikuta hewa inaikoroga tu, kwa sababu hewa ni nyepesi mno kurushwa kwa nguvu ile. Ndiyo maana huwekwa chini kabisa, ili bahari iingie yenyewe kwa uzito wake. Hewa kidogo tu ikinaswa kwenye ganda lile, kazi imesimama, hata betri ikiwa mpya. Na ikiachwa hivyo inaungua, maana maji inayoyasukuma ndiyo yanayoipooza na kulainisha sili yake.

Ile sauti nyembamba ya pampu, basi, ilikuwa sauti ya impela isiyo na mzigo. Mita ilithibitisha. Pampu ikiwa na maji ilikuwa inakula ampea 3.6. Tulipoifanya ikae na hewa, ikashuka hadi chini ya 2. Wengi hudhani pampu isiyotoa maji itakula umeme mwingi kwa kuhangaika. Ni kinyume. Mkondo wa umeme ukishuka, kuna hewa au njia imeziba. Mkondo ukipanda kupita ulioandikwa kwenye lebo, hapo ndipo impela imekabwa na kitu: magamba ya samaki, kipande cha mshipi, au beringi iliyokwisha.

Nilianza na umeme kwa sababu ulikuwa karibu na hauhitaji kuitoa boti majini. Betri, mashine zikiwa zimezimwa na pampu ikifanya kazi, ilisoma volti 12.5. Kwenye miguu ya pampu, pale waya zake zinapoungwa, nilisoma 10.2. Volti 2.3 zilikuwa zinapotea njiani. Wengi huishia kupima betri na swichi wakaridhika, tena pampu ikiwa haizunguki. Waya mbovu usiobebeshwa mzigo husoma vizuri kama mzima. Lazima pampu iwe inafanya kazi ndipo uongo wake uonekane.

Kujua zinapotelea wapi ni kazi ya dakika chache. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu: 0.2. Kisha hasi kwa hasi: 2.1. Upande wa chanya, pamoja na swichi na fyuzi zake, ulikuwa safi. Ugonjwa wote ulikuwa kwenye hasi.

Niliufuata ule waya mweusi kwa mkono hadi chini ya sakafu, karibu na ngama. Hapo nikakuta hasi ya pampu ya tangi na hasi ya pampu ya ngama zimesokotwa pamoja na waya mmoja wa kurudi kwenye betri, zikazungushiwa utepe mweusi. Ule utepe ulikuwa wa joto. Nilipoukata, nyuzi za shaba zilitoka na unga wa kijani, nyingine zikamomonyoka kati ya vidole, na shaba ndani ya ganda la waya ilikuwa imegeuka nyeusi kwa zaidi ya shubiri moja. Maji ya chumvi yakishaingia ndani ya waya usiopakwa bati huwa hayaishii kwenye kiungo. Hupanda taratibu ndani ya ganda mahali macho hayafiki.

Hesabu yake ni rahisi. Volti 2.1 zinapotea huku ampea 3.6 zikipita: ni wati 7 na nusu za joto kwenye fundo la waya lililofungwa utepe, juu ya ngama, ndani ya boti yenye petroli. Na fyuzi ilikuwa ya ampea 15. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Anayeweka kubwa ili isikatike ameondoa mlinzi, akaacha mlango wazi.

Nitasema wazi kwamba kiungo kile kilinitia hofu kuliko vibua wote waliokufa. Pampu ya ngama ndiyo inayoiweka boti juu ya maji usiku inapolala peke yake kwenye boya. Nayo ilikuwa inaishi kwa nyuzi zile zile zilizobaki. Chambo kikifa umepoteza siku. Waya ule ungekatika usiku wa mvua za masika, tungeikuta boti imekaa chini.

Basi, huo ndio uliokuwa umeme. Ulieleza kwa nini ngama ikiwaka tangi linalegea: mkondo wa pampu mbili ukipita kwenye kiungo kimoja kibovu, kila moja inanyang'anywa volti na mwenzake. Lakini haukueleza rivasi. Umeme haujui boti inaelekea wapi.

Ili kutenganisha mambo, nilipitisha waya mpya wa muda moja kwa moja kutoka betri hadi pampu, wenye fyuzi yake ya ampea 5. Tukapima kwa ndoo ya lita 20. Kwa waya wa zamani ilijaa kwa sekunde 55, yaani kama lita 22 kwa dakika. Kwa waya wa muda, sekunde 36, lita 33 kwa dakika. Tofauti ni kubwa kuliko upungufu wa volti wenyewe, na iko sababu. Pampu ya namna hii ikipoteza moja ya tano ya kasi yake, nguvu yake ya kupandisha maji juu hupungua kwa zaidi ya moja ya tatu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo tayari inatumika kuyafikisha maji kwenye mdomo wa tangi. Galoni 800 zilizoandikwa kwenye boksi ni karibu lita 50 kwa dakika, ila kipimo hicho hufanywa bila kupandisha maji popote. Kwenye boti halisi usitarajie kukiona.

Nahodha alipoona ile ndoo inavyojaa alitaka tumalize hapo. "Si umeshaipata, fundi? Funga waya mpya twende zetu." Nikamwomba safari moja ya majaribio, na tukaifanya kwa waya ule wa muda. Pale nyuma nilikata kipande cha paipu nyeusi kati ya pampu na tangi, nikaweka paipu ya plastiki inayopitisha mwanga, klipu mbili kila upande, nikapiga magoti mbele yake na tochi.

Boti ilipokuwa inatembea polepole, paipu ilikuwa imejaa maji tupu, hayana kipovu. Nahodha akaongeza. Omo, mbele ya boti, likapanda, likashuka, boti ikakaa juu ya maji. Maji ndani ya paipu yalikuwa bado yanapanda, lakini kwa unyonge. Kwa ule waya mbovu yalikuwa yakikatika kwenye mwendo wa fundo 15 au 16, yaani maili za bahari kwa saa. Sasa yalishikilia hadi tukapita 20. Kisha yakasimama. Yalisimama kwa muda mfupi katikati ya paipu, yakitetemeka, pampu ikilia kwa nguvu zake zote. Halafu yakaanza kushuka. Hewa ilikuwa inaingia kutoka juu, kwenye kile kichwa cha kunyunyizia, ikiyafuata maji yanayorudi chini, hadi paipu yote ikawa tupu na sauti ya pampu ikawa ile nyembamba.

Mwelekeo wa hewa ndio uliokata shauri. Hewa ingepanda kutoka chini, povu likija na maji, ningejua boti inapita juu ya mapovu yake yenyewe, au inaruka mawimbi hadi tundu la koki linatoka nje ya maji. Huo ni ugonjwa unaojulikana, na dawa yake huwa ni kuhamisha tundu. Lakini hewa iliyoshuka kutoka juu maana yake ni moja tu: kuna kitu chini ya boti kilichokuwa kinavuta maji yetu kuyarudisha baharini, kwa nguvu kuliko pampu inavyoyasukuma juu. Kadiri boti inavyokimbia, ndivyo kinavyovuta. Ikirudi nyuma, kinasukuma. Kijana alikuwa amesema kweli tupu.

Chini ya koki ile, upande wa nje, hufungwa kichujio cha shaba nyeusi chenye umbo la kofia iliyopasuliwa mifereji, mdomo wazi upande mmoja. Mdomo ule ukitazama omo, mwendo wa boti huyasukuma maji ndani. Nguvu yake si ndogo. Kwa fundo 20, maji yanayopiga mdomo huo yana msukumo sawa na maji yaliyosimama kina cha mita 5 hivi, na kasi ikizidi maradufu msukumo unakuwa mara nne. Mdomo ukitazama tezi, mambo yanageuka: maji yanapita juu ya kofia na kuacha mvuto nyuma yake. Mvuto huo ni mdogo kuliko ule msukumo, lakini tangi letu liko juu ya bahari kwa kimo kisichofika mita moja. Haukuhitajika mwingi.

Hili pia lilieleza kwa nini waya wa muda ulisogeza kikomo kutoka fundo 16 hadi zaidi ya 20. Palikuwa na mvutano, pampu ikipandisha, bahari ikiteremsha. Kuongeza volti kuliipa pampu nguvu ya kushikilia kidogo zaidi, basi. Kama tungefunga waya mpya na kuondoka siku ile, boti ingeonekana imepona wakati wa kusi, bahari ikiwa chafu na nahodha akienda taratibu. Kaskazi ingeingia, bahari ikalala, mashine zikafunguliwa, na vibua wangeanza kufa upya, nasi tungenunua pampu ya tatu.

Sikutaka mtu apige mbizi na kufungua skrubu boti ikiwa inaelea. Tulingoja bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpya au mwezi mpevu. Pwani hii maji ya bamvua hupwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo boti hulazwa kwenye mchanga asubuhi na kuelea tena alasiri bila gharama ya kuikokota. Tuliiegemeza, nikaingia chini.

Kichujio kilikuwa kinatazama tezi. Rangi nyekundu ya chini, ile ya kuzuia viumbe vya bahari kung'ang'ania, ilikuwa imepakwa juu ya vichwa vya skrubu na juu ya kofia yote, na mifereji mitatu kati ya sita ilikuwa imezibwa na rangi hiyo hiyo. Nilipokifungua, chini yake palikuwa na alama ya rangi ya buluu ya miaka ya nyuma, umbo kamili la kofia, mdomo wake ukielekea omo. Kiliwahi kukaa sawa. Kiligeuzwa boti ilipopandishwa kupakwa rangi, na nahodha alipoulizwa akakumbuka kwamba vibua walianza kumfia safari za kwanza kabisa baada ya hapo. Alikuwa amelihusisha na pampu kukaa kavu muda mrefu nchi kavu, na si wazo la kijinga. Pampu hukwama kweli kwa chumvi ikikaa hivyo.

Aliyekigeuza, nilivyoambiwa, aliona mdomo umeelekea mbele akahofia mwani na mifuko ya plastiki kuingia. Namwelewa. Kwa tundu la kutolea maji, kama la beseni au la ngama, mdomo wa kutazama nyuma ndio unaotakiwa, kwa sababu ule mvuto unasaidia kutoa. Kwa tundu la kuingizia ni sumu. Kofia ni ile ile, skrubu ni zile zile, hakuna mshale uliochorwa popote.

Nilisafisha mifereji kwa kisu na brashi, nikakirudisha kikitazama omo, na gundi mpya ya baharini inayostahimili kukaa chini ya maji. Silikoni ya bafuni haina kazi pale. Koki niliifungua na kuifunga mara kadhaa hadi mpini ukalainika, kwa sababu koki iliyoganda ikiwa wazi ni sawa na kutokuwa na koki.

Njia ya paipu nayo nilibadilisha. Ilikuwa inapanda, inashuka kupita chini ya boriti, kisha inapanda tena, na ule mgongo wa kwanza ulikuwa unahifadhi hewa iliyoingia. Hii ndiyo sababu maji hayakurudi hata boti iliposimama: hewa ilikuwa imenaswa kati ya pampu na mgongo ule, haina pa kutokea. Sasa paipu inapanda moja kwa moja kutoka pampu hadi tangi, haina bonde wala mgongo, na hewa ikiingia inatoka yenyewe.

Nahodha aliniomba niweke valvu ya kuzuia maji kurudi, kama alivyoiona kwenye boti nyingine. Nilikataa, na nilimweleza kwa nini. Valvu ile ingezuia maji yaliyokwisha kupanda yasishuke, lakini isingeleta mapya boti ikiwa inakimbia. Tangi lingeonekana limejaa huku vibua wakivuta pumzi ile ile. Tena kifuniko chake hunasa mchanga na magamba, na hewa iliyo chini yake hukosa njia ya kutokea.

Habari ya pumzi haitiliwi maanani inavyostahili, hata na wavuvi wazoefu. Maji ya bahari ya nyuzi 25 hushika kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30, kama 6.2. Bahari yetu huzunguka humo humo mwaka mzima, baridi kidogo mwezi wa Agosti, moto kabisa Machi na Aprili. Zidisha kwa lita 120: tangi zima, likiwa limeshiba, lina chini ya gramu moja ya oksijeni. Kibua ni samaki wa mbio, haachi kuogelea, na aliyetoka kwenye ndoana sasa hivi anahema kuliko aliyetulia. Watie 30 humo bila maji mapya na huna nusu siku, huna hata saa. Wavuvi wa jodari wa Maldivi walilijua hili zamani, kabla ya pampu na betri. Waliacha matundu chini ya chombo kwenye chumba cha chambo ili bahari iingie yenyewe, mabaharia wakateka maji na kuyamwaga nje mfululizo. Walichokuwa wakikitafuta ni maji yanayopita.

Upande wa umeme, kila pampu sasa ina hasi yake hadi kwenye ubao wa viunganishi uliofungwa juu, mbali na maji ya ngama. Waya ni wa shaba iliyopakwa bati, milimita 2.5 za mraba, kama mita 6 kwenda na 6 kurudi. Baraza la Boti la Marekani, ABYC, kwa saketi muhimu huruhusu asilimia 3 tu ya volti kupotea, yaani 0.36 kwenye mfumo wa volti 12. Kiwango hicho hakiilazimishi pampu ya chambo, lakini nilikifuata kwa zote mbili. Ncha zimebanwa kwa koleo lake, zikavikwa mpira wenye gundi ndani unaosinyaa kwa joto. Fyuzi imerudi ampea 5, kama lebo ya pampu inavyosema. Baada ya hapo, betri ikisoma 12.5, kwenye pampu nilisoma 12.2.

Maji yalipojaa alasiri tulitoka. Kwa mwendo wa taratibu ndoo ilijaa kama ilivyojaa kwa ule waya wa muda, haraka kidogo zaidi. Kwa fundo 20 nilimwambia nahodha azime pampu kabisa, na maji yakaendelea kuingia kwa kishindo, bahari ikijisukuma yenyewe. Kijana alicheka kwa furaha, akaita, "Mzee, tazama, imezimwa hii!"

Furaha hiyo ina upande wake wa pili, na nilihakikisha wote wawili wameuelewa kabla sijashuka. Mdomo ukitazama omo na koki ikiwa wazi, boti ikikimbia inajaza tangi iwe unataka au hutaki. Paipu ya kutolea maji ya ziada lazima iwe pana kuliko ya kuingizia. Hapa ya kuingizia ni robo tatu ya inchi na ya kutolea ni inchi moja na nusu, kwa hiyo tuko salama mradi wavu wake usizibwe na magamba. Wakiwa na chambo, koki ifunguliwe nusu kwa mwendo wa kasi ili vibua wasizungushwe hadi wachoke. Wasipokuwa nacho, ifungwe kabisa. Klipu mbili kila mwisho wa paipu, kwa sababu paipu ikichomoka boti ikiwa kwenye fundo 20, maji yale yale yataingia ngama kwa msukumo ule ule. Kizibo cha mti kimefungwa kwa kamba kando ya koki.

Kilichobaki ni kukitazama tena kichujio kwenye bamvua ijayo kama gundi imeshika, na kupima volti za miguu ya pampu zote mbili, zikiwa zinafanya kazi, kila mwaka kabla kaskazi haijaingia. Floti ya ngama, swichi inayoelea na kuiwasha pampu maji yakipanda, nayo niliijaribu siku ile kwa kumwaga ndoo mbili za maji chini ya sakafu. Iliwasha mara moja.